Picha mbili katika wimbi moja: Jinsi runinga ya 3D ilivyotunza ving'amuzi vya zamani

SAA moja ya jioni inapotimia, familia nyingi katika kaunti za Kericho na Bomet huwa zimekwisha kuwasha runinga zikisubiri taarifa ya habari kwa Kiswahili. Majani ya chai yamekwisha kupimwa katika kituo cha kununulia, lori la kiwanda limeondoka, na chai ya maziwa imo mezani. Kando ya runinga kuna kisanduku kidogo chenye taa nyekundu au ya kijani. Hicho ndicho king'amuzi, na bila hicho runinga ya kawaida, hata ikiwa ya bei ghali namna gani, ni sawa na kabati tu.

Wengi hawakijali kisanduku hicho hadi siku kinapogoma. Wakati mwingine hugoma kwa sababu kimeharibika. Lakini mara nyingine kisanduku ni kizima kabisa, ila mtangazaji amebadilisha lugha ya mawimbi yake, na kisanduku cha jana hakiifahamu lugha ya leo. Hapo mwenye nyumba hulazimika kurudi dukani, ijapokuwa cha kwanza hakikuwa na dosari yoyote.

Je, ni lazima iwe hivyo kila teknolojia mpya inapokuja? Makala haya yanaeleza mfano mmoja wa wahandisi waliojaribu kuepuka jambo hilo: wale waliotafuta njia ya kurusha picha za 3D, yaani picha zenye kina zinazotazamwa kwa macho mawili, bila kuvifanya ving'amuzi vilivyokuwa tayari sebuleni kuwa takataka. Runinga ya 3D yenyewe haikudumu. Hata hivyo, mbinu zilizobuniwa kwa ajili yake zingali na funzo kwa mtazamaji wa Litein, Kapkatet, Sotik au Mogogosiek ambaye fedha za king'amuzi hutoka katika malipo ya majani chai.

Macho mawili, picha mbili

Binadamu huona umbali kwa sababu macho yake mawili hayako mahali pamoja. Kati ya mboni moja na nyingine kuna nafasi ya takriban milimita 65. Kwa hiyo kila jicho huona dunia kutoka upande wake, na ubongo huziunganisha picha hizo mbili na kupata kina. Mwingereza Charles Wheatstone alilieleza jambo hilo mwaka 1838, akatengeneza chombo cha vioo kilichompa kila jicho mchoro wake. Waliotazama waliona umbo lililojitokeza kana kwamba lingeweza kushikwa.

Mbinu hiyo si ngeni nchini Kenya. Ramani zinazoonyesha mistari ya miinuko zilichorwa kwa kutumia picha zilizopigwa kutoka ndegeni, kila picha ikipishana na mwenzake kwa sehemu kubwa. Mchoraji alizitazama mbili mbili kwa chombo maalumu, na milima na mabonde yakainuka mbele ya macho yake.

Runinga ya 3D hufuata kanuni ileile. Kamera mbili, au kamera moja yenye lenzi mbili, hupiga picha ya jicho la kushoto na ya jicho la kulia. Nyumbani, miwani maalumu huhakikisha kwamba kila jicho linapata picha yake peke yake. Tatizo linaanzia katikati, baina ya studio na sebule: badala ya picha moja, sasa ni lazima zisafirishwe picha mbili.

Mzigo unaozidi gari

Ili kufahamu uzito wa mzigo huo, hesabu kidogo inahitajika. Picha moja ya runinga ya ubora wa juu ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa urefu. Kila nukta, kwa namna ya kawaida ya kuhifadhi rangi, huhitaji wastani wa biti 12. Zikirushwa picha 25 kwa sekunde, jumla hufika takriban megabiti 622 kwa kila sekunde. Kwa macho mawili jumla hiyo hupita megabiti 1,240.

Sasa tazama barabara yenyewe. Mkondo mmoja wa masafa wenye upana wa megahezi 8, ukitumia kiwango cha DVB-T, ulibeba nchini Uingereza takriban megabiti 24 kwa sekunde. Kiwango kipya zaidi cha DVB-T2 kiliwezesha mkondo wa upana huohuo kubeba takriban megabiti 40. Na mkondo huo haubebi kituo kimoja tu, bali vituo kadhaa kwa pamoja. Ni dhahiri kuwa picha haiwezi kupita bila kubanwa.

Mkazi wa Kericho anaweza kulinganisha kazi hiyo na ile ya kiwanda cha chai. Kilo nne hadi tano za majani mabichi huingia kiwandani ili itoke kilo moja ya chai kavu. Kinachoondolewa ni maji, na ladha hubaki. Mitambo ya kubana picha hufanya vivyo hivyo lakini kwa ukali zaidi: megabiti 622 huweza kupunguzwa hadi takriban 10, yaani zaidi ya mara sitini, na mtazamaji asitambue tofauti kubwa.

Siri ni kwamba picha hujirudia sana. Mtangazaji wa habari anaposoma, ukuta ulio nyuma yake haubadiliki. Hakuna haja ya kuutuma ukuta huo mara 25 kwa sekunde. Mtambo hutuma picha kamili mara moja moja, kisha hutuma maelezo ya kilichobadilika: mdomo umefunguka, mkono umeinuka, mpira umesogea kushoto. King'amuzi hupokea maelezo hayo na kuijenga picha upya. Kinaweza kufanya hivyo tu iwapo kinaifahamu lugha iliyotumika kuandika maelezo. Lugha zilizotawala ni MPEG-2, iliyokamilika katikati ya miaka ya 1990, na H.264, iliyoidhinishwa mwaka 2003 na ambayo huitwa pia MPEG-4 AVC.

Somo la redio na rangi

Kabla ya kuingia katika mbinu za 3D, inafaa kukumbuka kwamba swali la kuvihudumia vyombo vya zamani si la jana. Redio ilikwisha kulijibu.

Mwaka 1961 Marekani iliidhinisha matangazo ya FM yenye sauti mbili, ya kushoto na ya kulia. Njia nyepesi ingekuwa kurusha sauti ya kushoto mahali pa ile ya zamani na ya kulia mahali pengine. Lakini mwenye redio ya spika moja angesikia nusu tu ya muziki. Wahandisi walichagua njia nyingine. Walizijumlisha sauti mbili na kuiweka jumla hiyo pale ambapo redio ya zamani imezoea kusikiliza. Kisha tofauti kati ya sauti hizo wakaificha juu zaidi, mahali ambapo redio ya zamani haifiki. Redio mpya hupokea jumla na tofauti, ikafanya hesabu, ikazipata sauti zote mbili. Redio ya zamani husikia jumla na kuridhika. Ndiyo sababu mchumaji mwenye redio ndogo ya spika moja anaweza kusikiliza kituo cha FM kinachorusha kwa sauti mbili bila kukosa neno.

Runinga ya rangi ilifuata mantiki hiyohiyo. Katika mfumo ulioidhinishwa Marekani mwaka 1953, na baadaye katika mfumo wa PAL uliotumika Kenya, mwangaza wa picha uliachwa palepale penye mazoea ya runinga nyeusi na nyeupe, na rangi ikapachikwa kama nyongeza. Wilson Kiprugut Chuma, mwanariadha kutoka Kericho, alipoishindia Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki katika mbio za mita 800 mjini Tokyo mwaka 1964, sehemu ya Michezo hiyo ilikuwa ikirushwa kwa rangi nchini Japani. Mwenye runinga nyeusi na nyeupe hakufungiwa mlango. Aliona mashindano yaleyale bila rangi.

Basi kanuni ya tangu zamani ni hii: weka kipya kando ya cha zamani, si juu yake. Wahandisi wa 3D walikuwa na njia mbili kubwa, na ni moja tu kati yake iliyoitii kanuni hiyo kikamilifu.

Njia ya kwanza: Picha mbili katika fremu moja

Njia iliyotangulia kuingia sokoni ilikuwa ya haraka na ya bei nafuu. Picha ya kushoto na ya kulia hupunguzwa hadi nusu, kisha huwekwa ndani ya fremu moja ya kawaida. Zinaweza kukaa bega kwa bega, kila moja ikibaki na nukta 960 kwa upana badala ya 1,920, au moja juu na nyingine chini, kila moja ikibaki na mistari 540 badala ya 1,080. Kwa mitambo ya kurusha, hiyo ni fremu moja kama nyingine yoyote. Hubanwa kama kawaida, husafiri kama kawaida, na king'amuzi cha ubora wa juu kilichokuwapo tayari huifungua bila shida. Runinga ya 3D ndiyo inayozitenganisha picha hizo, kuzitanua na kuzionyesha kwa zamu.

Mwaka 2011 shirika la viwango vya utangazaji la DVB lilitoa maelekezo ya njia hii, pamoja na alama inayopachikwa kwenye mkondo kuiarifu runinga namna picha zilivyopangwa. Maelekezo hayo pia yalishughulikia jambo ambalo wengi hawalifikirii: maandishi ya tafsiri yanayopita chini ya picha. Maandishi hayo yakiwekwa pasipo kupima kina, mtazamaji huyaona yamezama ndani ya uso wa mtu anayezungumza, na macho huuma. Kwa hiyo kina cha maandishi nacho kikabidi kitumwe.

Lakini njia hii ina kasoro mbili. Ya kwanza ni ubora, kwani kila jicho hupata nusu tu ya nukta. Ya pili ndiyo inayohusu mada yetu. Mwenye king'amuzi cha zamani na runinga ya kawaida akifungua kituo hicho huona picha mbili nyembamba zikiwa bega kwa bega: wachezaji 44 uwanjani, wote warefu mithili ya miti ya mikalitusi. King'amuzi kimesalimika, lakini mtazamaji hakusalimika. Kwa sababu hiyo mtangazaji alilazimika kurusha kituo cha pili chenye picha ya kawaida ya mchezo uleule, akitumia nafasi maradufu.

Njia ya pili: Tabaka la ziada

Njia ya pili iliiga redio ya FM. Picha ya jicho la kushoto hubanwa peke yake kama picha ya kawaida kabisa, nayo huitwa tabaka la msingi. King'amuzi cha zamani hulifungua na kuonyesha picha kamili, isiyo na kina lakini isiyo na kasoro. Picha ya jicho la kulia huwekwa katika tabaka la ziada.

Picha hizo mbili hufanana mno, kwa kuwa zimepigwa mahali palepale na wakati uleule. Mtambo hauna haja ya kuibana picha ya kulia tangu mwanzo. Huichukua ile ya kushoto kama kielelezo na kutuma tofauti tu: mti ulio karibu umesogea nukta kadhaa, kilima kilicho mbali hakikusogea, na nyuma ya mti kuna kipande ambacho jicho la kushoto halikukiona. Mbinu hii iliongezwa katika kiwango cha H.264 mwaka 2009 kwa jina la MVC, na ndiyo iliyotumika katika diski za Blu-ray za 3D. Majaribio yaliyofanywa yalionyesha kwamba, ikilinganishwa na kuzibana picha mbili kila moja kivyake, MVC huokoa kwa wastani kati ya asilimia 20 na 30 ya mzigo.

Kuna jambo jingine lililosaidia. Jicho moja likipata picha kali na jingine picha yenye ukungu kidogo, kwa kawaida ubongo huegemea ile kali. Hivyo tabaka la ziada laweza kubanwa zaidi ya lile la msingi bila mtazamaji kulalamika.

Lakini king'amuzi cha zamani hujuaje kwamba hakipaswi kulishughulikia tabaka la ziada? Hapa ndipo busara ya walioandika kiwango cha mwaka 2003 inapojitokeza. Waliamua kwamba kila kipande cha data kibebe namba inayotaja aina yake. Baadhi ya namba waliziacha wazi kwa mahitaji ya baadaye, ambayo wao wenyewe hawakuyajua. Kisha wakaagiza kwamba king'amuzi kikikutana na namba kisichoifahamu, kikitupe kipande hicho na kuendelea na kazi. Miaka sita baadaye MVC ilipokuja, picha ya jicho la kulia ilipewa mojawapo ya namba hizo. Ving'amuzi vilivyotengenezwa kabla yake viliiruka tu. Mwaka 2012 DVB ilitoa maelekezo ya kurusha 3D kwa njia ya namna hii.

Korea Kusini ilienda mbali zaidi. Huko matangazo ya ubora wa juu yalikuwa yakitumia MPEG-2, lugha ambayo ni ya zamani kuliko H.264. Watafiti walituma picha ya kushoto kwa MPEG-2 ili runinga zote zilizokuwa majumbani ziipate, na picha ya kulia kwa H.264 ili ichukue nafasi ndogo. Lugha mbili zikasafiri katika wimbi moja, kila chombo kikichukua kile kinachokifahamu.

Hata hivyo, hisani hii ina gharama. Tabaka la ziada hula sehemu ya nafasi ambayo ingeboresha picha ya kila mtu. Aidha, anayetaka kuona kina hana budi kununua king'amuzi kipya chenye uwezo wa kufungua matabaka yote mawili. Tofauti ni kwamba gharama hiyo humwangukia anayekitaka kitu kipya, na haimwangukii asiyekitaka.

Kwa nini 3D ilizimika

Kombe la Dunia la mwaka 2010 nchini Afrika Kusini lilikuwa jukwaa kubwa la teknolojia hii. Mechi 25 kati ya 64 zilipigwa picha za 3D. Mwaka huohuo Sky ya Uingereza na ESPN ya Marekani zilifungua vituo vya 3D. Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 2012, ambako David Rudisha alivunja rekodi ya dunia ya mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, nayo ilipigwa picha kwa njia hiyo.

Shauku haikudumu. ESPN ilifunga kituo chake mwaka 2013, na mwaka huohuo BBC ikasimamisha vipindi vyake vya 3D. Sky ilifunga kituo chake mwaka 2015. Kufikia mwaka 2017 watengenezaji wakubwa, wakiwamo Samsung, LG na Sony, walikuwa wameachana na runinga hizo. Watu walichoshwa na miwani, vipindi vilikuwa vichache, na wengine waliumwa na kichwa.

Hata hivyo, katika kuporomoka huko aliyekuwa na king'amuzi cha kawaida hakupoteza kitu. Hakulazimishwa kununua chochote 3D ilipokuja, wala hakubaki na hasara ilipoondoka.

Kericho na Bomet: Visanduku vilivyoachwa nyuma

Sasa turudi katika nchi ya chai, ambako mabadiliko makubwa yalikuwa ya kuhama kutoka analogia kwenda dijitali.

Kenya ni miongoni mwa mataifa yaliyokubaliana mjini Geneva mwaka 2006 kwamba matangazo ya analogia yangekoma kulindwa kimataifa ifikapo Juni 17, 2015. Rais Mwai Kibaki alizindua matangazo ya dijitali jijini Nairobi mnamo Desemba 2009, kwa kiwango cha DVB-T. Baadaye, kabla nchi nzima haijahama, Kenya iliamua kutumia DVB-T2.

Uamuzi huo ulikuwa na mantiki. Kama tulivyoona, DVB-T2 hubeba mzigo mkubwa zaidi katika masafa yaleyale, na waliokuwa wamenunua visanduku vya kwanza walikuwa wachache. Lakini DVB-T2 haikuundwa kwa kanuni ya redio ya FM. King'amuzi cha DVB-T hakioni chochote katika wimbi la DVB-T2. Hakuna tabaka la msingi la kukiokoa. Aliyeitikia mwito mapema ndiye aliyeachwa nyuma. Uingereza, ilipoleta DVB-T2 kwa ajili ya vituo vya ubora wa juu kati ya mwaka 2009 na 2010, iliendelea kurusha vituo vya kawaida kwa DVB-T ili visanduku vilivyokuwa majumbani visife.

Mvutano mkali ulikuja mwaka 2015. Februari 13 Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi wake katika kesi kuhusu uhamaji huo, na siku iliyofuata Mamlaka ya Mawasiliano ikazima mitambo ya analogia ya mashirika matatu ya habari. NTV, KTN, Citizen na QTV hazikuonekana hewani kwa karibu wiki tatu, hadi mapema mwezi Machi. Mzozo ulihusu ni nani angerusha mawimbi na kwa leseni ipi. Kwa mtazamaji wa kawaida, swali lilikuwa jepesi zaidi: anunue kisanduku kipi, na je, kitadumu?

Inapasa kusema kwamba runinga ya zamani haikutupwa. King'amuzi chenyewe kilikuwa mkalimani: kilipokea dijitali kwa antena na kuitoa kama analogia kupitia nyaya tatu za rangi nyekundu, nyeupe na njano. Runinga nzito ya kioo iliyonunuliwa kwa bonasi ya chai miaka ya 1990 iliendelea kufanya kazi. Runinga ilipata mkalimani. Kisanduku cha kwanza hakikupata.

Mandhari ya eneo hili huongeza uzito wa suala hilo. Mji wa Kericho uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mashamba ya chai yametandazwa juu ya migongo ya vilima vinavyotenganishwa na mabonde ya mito inayoshuka kutoka msitu wa Mau. Mawimbi ya runinga husafiri kwa mstari ulionyooka. Nyumba iliyo juu ya mgongo wa kilima huuona mnara. Iliyo bondeni hufichwa. Enzi za analogia, aliyekuwa bondeni aliona picha yenye chenga lakini aliifuata taarifa. Dijitali haina huruma hiyo. Wimbi likipungua chini ya kiasi fulani, picha hukatika vipande, husimama, kisha hutoweka.

Wengi waliofichwa na vilima hukimbilia dishi la setilaiti. Huko nako kuna mambo mawili ya kujua. Kwanza, mvua kubwa hudhoofisha mawimbi ya setilaiti ya masafa ya juu, na Kericho ni nchi ya mvua nyingi, ikiwemo mvua ya mawe. Pili, setilaiti nayo ina kizazi chake cha zamani, DVB-S, na kipya, DVB-S2, kilichochapishwa mwaka 2005. DVB-S2 ilikuja na njia ya hiari ya kuendelea kuvihudumia visanduku vya zamani, lakini njia hiyo haikutumika sana. Watangazaji waliona heri kubadilisha visanduku. Yaani kanuni inaweza kuwapo kwenye karatasi, lakini asiyelazimika kuitumia huipita.

Mambo ya kuuliza kabla ya kununua

Mtazamaji hawezi kuandika viwango, lakini anaweza kuuliza. Anaponunua king'amuzi au runinga yenye king'amuzi ndani, na aangalie mambo haya.

Kwanza, kipokezi ni cha DVB-T2 au DVB-T pekee? Runinga zilizotumika zinazoagizwa kutoka ng'ambo zaweza kuwa na kipokezi kisichofaa Kenya. Pili, kinafungua lugha zipi za picha? MPEG-2 pekee haitoshi. H.264 ni ya lazima, na H.265, iliyokamilika mwaka 2013, ni akiba nzuri kwa siku zijazo. Tatu, je, programu yake inaweza kuboreshwa? Nne, kisanduku kinapokea vituo vya bure hata malipo ya mwezi yakikatika? Tano, nyumba iko mgongoni mwa kilima au bondeni? Jibu la swali hili huamua kama antena itatosha.

Yaliyosalia ya picha ya macho mawili

Wazo la tabaka la ziada halikufa pamoja na runinga za 3D. Mwaka 2014 lugha ya H.265 iliongezewa sehemu inayoitwa MV-HEVC, inayofanya kazi kwa mantiki ileile ya MVC. Kwa miaka mingi haikuonekana mitaani. Kisha mwishoni mwa mwaka 2023 kampuni ya Apple iliitumia katika simu zake za iPhone 15 Pro kurekodi video zenye kina, za kutazamwa kwa kifaa cha kuvaa usoni kilichoanza kuuzwa mwaka 2024. Video hiyo ikitumwa kwenye simu nyingine inayofungua H.265, simu hiyo hulichukua tabaka la msingi na kuonyesha picha ya kawaida. Anayepokea huenda asijue kamwe kwamba ndani yake mlikuwa na jicho la pili.

Hilo ndilo jambo la kukumbuka pindi teknolojia nyingine itakapotangazwa kwa mbwembwe, iwe ni picha za ubora wa juu kupindukia au runinga ya kupitia intaneti. Swali la kwanza lisiwe picha itang'aa kiasi gani, bali kisanduku kilichoko mezani kitaona nini siku ya kwanza ya mabadiliko. Wahandisi wa redio walilijibu mwaka 1961, na wale wa 3D wakalijibu tena mwaka 2009: kitaona kile kilichokiona jana. Jibu hilo halipatikani bure, kwani hula nafasi ya masafa na huchelewesha mapya. Lakini lisipotolewa na mtangazaji au mwenye kuweka kanuni, gharama haipotei. Huteremka kilima hadi kwa mwenye nyumba, naye huilipa kwa kilo za majani mabichi.